Mtoto Afundishwe Mpira Kabla ya Kufundishwa Kushinda

Katika viwanja vya shule za msingi nchini, liko neno moja linalosikika kuliko mengine yote wakati wa mechi. Neno hilo ni "Butua!" Hutamkwa na mwalimu aliyesimama kando ya mstari, hupokewa na wazazi walio nyuma yake, na hatimaye hurudiwa na watoto wenyewe. Beki wa miaka 10 ameupata mpira mguuni, ameinua kichwa amtafute mwenzake, na kabla hajamwona, neno hilo limekwisha kumfikia. Anaubutua. Mpira unapaa, unavuka nusu ya kiwanja na kumwangukia mtoto mkubwa kuliko wote, ambaye amewekwa mbele kwa kazi hiyo, na pengine goli linapatikana. Watu wanashangilia. Ni wachache wanaotambua kwamba katika sekunde zile mbili, mtoto aliyekuwa karibu kujifunza jambo amekatazwa kujifunza.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Kila mara timu ya taifa inapofungwa, lawama huelekezwa kwa kocha, kwa viongozi wa shirikisho, kwa waamuzi na hata kwa hali ya hewa. Magazeti huandika, vijiwe huchambua, na baada ya wiki mbili mambo husahauliwa mpaka kipigo kingine. Lakini mchezaji asiyeweza kutuliza mpira akiwa na miaka 25, akiwa amebanwa na wapinzani wawili, hakuanza kushindwa siku hiyo. Alianza kushindwa alipokuwa darasa la nne, na walioshuhudia kushindwa kwake wakati huo walikuwa wakimpigia makofi.

Historia ya Tanzania katika mashindano ya Afrika inatosha kumfanya mtu atafakari. Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980 mjini Lagos, Nigeria. Ilichukua miaka 39 kurudi tena, mwaka 2019 kule Misri, ambako ilifungwa mechi zote tatu za kundi lake. Mwaka huohuo wa 2019, Tanzania ilikuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana walio chini ya miaka 17. Serengeti Boys walifungwa na Nigeria mabao 5 kwa 4 katika mechi ya ufunguzi, na wakamaliza mashindano bila pointi hata moja, mbele ya wananchi wao wenyewe. Vijana wale hawakukosa mbio, wala hawakukosa moyo. Timu isiyo na moyo haiwezi kuifunga Nigeria mabao manne. Walichopungukiwa ni utulivu wa kuulinda mpira wanapoongoza au wanapobanwa, na utulivu huo haupatikani kambini kwa wiki sita.

Kwa upande mwingine, liko jambo la kutia moyo ambalo halikupewa uzito unaostahili. Mwezi Oktoba mwaka 2022, wasichana wa Tanzania walio chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia nchini India. Waliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakatoka sare na Kanada, na wakafika robo fainali. Nao ni mabinti wa shule hizihizi na vumbi hilihili. Basi asitokee mtu wa kudai kwamba mtoto wa Kitanzania hana kipaji. Kipaji kipo. Swali ni nani anakipokea kikiwa kichanga, na anakifanyia nini.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba pasi na utulizaji wa mpira ni maarifa yanayofundishika, kama kusoma na kuhesabu. Kuna fikra iliyoota mizizi kwamba mchezaji huzaliwa. Kwa fikra hiyo, kazi ya mwalimu inakuwa kuchagua tu: anawapanga watoto, anatazama nani ana mbio na nani ana kifua, anawachukua 11, wengine anawarudisha wakakae kivulini. Mwalimu wa hesabu angefanya hivyo, akawafundisha wale tu waliokuja wakijua kujumlisha, angeitwa ofisini kesho yake. Mwalimu wa michezo anayefanya hivyo hupewa kikombe.

Ni maarifa gani hasa yanayohitajika? Kutuliza mpira maana yake ni kuupokea kwa mguu uliolegea kidogo, unaorudi nyuma pale mpira unapogusa, mfano wa mtu anayedaka yai. Mguu uliokakamaa ni ukuta, na mpira ukigonga ukuta hurudi kwa adui. Pia mpokeaji hana budi kusimama upande, asiupe mpira kifua chote, ili aweze kuona unakotoka na anakotaka kuupeleka. Na kabla haujafika, ageuze shingo atazame nyuma yake. Mtoto anayetazama kabla ya kupokea anajua afanye nini. Anayetazama baada ya kupokea amekwisha kunyang'anywa.

Pasi nayo ina kanuni zake. Mguu wa kusimamia huwekwa kando ya mpira, kidole chake kikielekea kwa anayepelekewa. Mguu wa kupigia hufunguliwa nje, kifundo kikakazwa, na mpira ukasukumwa kwa upande wa ndani. Lakini ufundi wa mguu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikiria mwenzako: yuko mbali kiasi gani, adui yake yuko upande gani, anatumia mguu upi, anakimbia au amesimama. Pasi nzuri ni ile inayomrahisishia kazi anayeipokea. Na aliyetoa pasi asisimame akiitazama kama mtu aliyetuma barua. Aende mahali ambapo anaweza kupewa tena. Mtoto aliyeyazoea haya amejifunza zaidi ya mpira. Amejifunza kwamba kuna watu wengine kiwanjani, na kwamba kazi yake ina thamani pale inapowasaidia.

Maarifa haya hayapatikani kwa kuhubiriwa. Hupatikana kwa kuugusa mpira mara nyingi, kila wiki, kwa miaka mingi. Hapo ndipo hesabu rahisi inapofichua kosa la mfumo uliopo. Chukua darasa lenye watoto 60, mpira mmoja, na kipindi cha dakika 40. Mwalimu anatoa timu mbili za watoto 11 na 38 wanabaki watazamaji. Hata kama mpira usingetoka nje wala kupaa hewani, na hata kama wachezaji wote 22 wangegawana sawasawa, kila mmoja angekuwa nao kwa muda usiofika dakika 2. Wale 38 wasingeugusa kabisa. Kwa hakika mambo ni mabaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu watoto wanne au watano wenye nguvu huumiliki mpira na wengine hukimbia nyuma yao kama kuku wanaofuata punje.

Sasa watoto haohao 60 wagawanywe katika makundi ya wanne, kila kundi na mpira wake. Zitahitajika mipira 15. Katika dakika 40 zilezile, kila mtoto anapata dakika 10 za kuwa na mpira mguuni. Hakuna mtazamaji. Mtoto mdogo kuliko wote na msichana aliyekuwa akiona haya wamepata sawa na yule mwenye mbio.

Hapo mtu atauliza: mipira 15 itatoka wapi, wakati shule nyingi hazina hata mmoja? Swali ni halali, na jibu lake liko mitaani. Watoto wa nchi hii wamecheza chandimu tangu zamani, kwa mpira waliousuka wenyewe kwa matambara, mifuko ya plastiki na kamba. Watu wazima wameudharau mpira huo, wakauona ni alama ya umaskini, kumbe ni mwalimu hodari. Hauruki sana, kwa hiyo hukaa karibu na mguu. Tena huchezwa uchochoroni, baina ya kuta za nyumba, ambako hakuna nafasi ya kubutua. Wabrazil wanajulikana kwa kuwalea watoto wao katika mpira wa ukumbini, ambao huchezwa katika eneo dogo na kwa mpira usiodunda sana. Walichokiweka wao katika kumbi zilizosakafiwa, watoto wa Manzese, Mbagala na Makorora wamekuwa nacho bure.

Lakini chandimu peke yake haitoshi, na hapa ndipo mwalimu anapokuwa na kazi yake. Uchochoro humfundisha mtoto chenga, na humfundisha kupiga tobo na kucheka. Haumfundishi pasi, kwa kuwa sifa yote ya uchochoroni huenda kwa aliyewapita watatu, wala haiendi kwa aliyemwona mwenzake akiwa peke yake. Shule ingeweza kumpokea mtoto huyu mwenye mguu mwepesi, ikamwongezea jicho la kuwaona wenziwe. Badala yake humvua wepesi wake kwa neno "Butua!" na haimpi kitu kingine mahali pake. Hivyo anapoteza cha mtaani na hapati cha shuleni.

Mazoezi yenyewe hayahitaji gharama. Watoto wanne wasimame katika duara, wa tano awe katikati akijaribu kuunasa mpira. Anayepoteza anaingia katikati. Mchezo huu mdogo ndio ambao vilabu vikubwa vya Ulaya huanza nao mazoezi ya kila siku, na watoto wanaupenda kwa sababu una ushindani na vicheko. Baadaye ziwekwe timu za wanne kwa wanne, goli la mawe mawili, bila mlinda mlango, na sharti kwamba goli halihesabiwi mpaka wote wanne wameugusa mpira. Siku nyingine sharti liwe kupiga kwa mguu wa kushoto tu. Mwalimu akitembea baina ya makundi akisema maneno machache, kama "Tazama kabla" au "Legeza mguu", amefundisha zaidi ya yule anayepiga filimbi na kufoka kwa saa nzima.

Mataifa yaliyokumbwa na aibu ya kushindwa yamepita njia hii. Mwaka 2000 Ubelgiji ilikuwa mwenyeji wa fainali za Ulaya pamoja na Uholanzi, ikatolewa katika hatua ya makundi. Viongozi wake wa ufundi, akiwamo Michel Sablon, walianza kazi yao kwa watoto. Walipunguza ukubwa wa viwanja na idadi ya wachezaji, wakaanza na wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na kwa watoto wadogo kabisa wakaondoa misimamo ya ligi. Mwaka 2018 Ubelgiji ilishika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia. Ujerumani nayo, tangu msimu wa 2024/25, imeamuru watoto wake wadogo wacheze katika vikundi vidogo na magoli madogo, badala ya kuwatupa katika viwanja vya watu wazima. Hizi ni nchi tajiri, ni kweli. Lakini kupunguza wachezaji kutoka 11 hadi wanne hakuhitaji utajiri. Kunahitaji uamuzi.

Klabu ya Barcelona ilifungua makazi yake ya vijana, La Masia, mwaka 1979. Watoto waliopita hapo walipimwa kwa namna wanavyouchukulia mpira kuliko kwa urefu wao. Katika tuzo ya mchezaji bora wa dunia wa mwaka 2010, watatu wa mwisho walikuwa Lionel Messi, Andrés Iniesta na Xavi, wote wanafunzi wa La Masia, na hakuna kati yao anayezidi sentimita 172. Katika shule nyingi za msingi nchini, watoto hao watatu wangeambiwa wakabebe maji ya timu.

Hii inaleta suala la vijeba, ambalo hapana budi lizungumzwe waziwazi. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yaliundwa kwa nia njema, nayo yamewafikisha vijana wengi mbali. Lakini si siri kwamba pale ushindi unapokuwa ndiyo heshima ya shule, wilaya na mkoa, hutokea watu wazima wanaosajili vijana wenye ndevu kwa majina ya watoto. Mtu anayefanya hivyo anamwibia mtoto halali nafasi yake, na wala hamsaidii kijeba mwenyewe. Tangu mwaka 2009 shirikisho la dunia, FIFA, limekuwa likitumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kuchunguza umri katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Kombe lililoletwa na kijeba linaishia katika kabati la ofisi. Halivuki mpaka.

Wapo watakaosema kwamba bila ushindani mtoto hatakuwa na ari. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kubezwa. Mtoto hupenda kushinda, na ni vema apende. Lakini mchezo wa wanne kwa wanne una ushindani mwingi zaidi, maana hakuna pa kujificha. Kinachopingwa hapa si ushindani, bali ni kumfanya mtoto wa miaka 10 awe chombo cha kutafutia sifa za watu wazima. Watasema tena kwamba walimu wamelemewa, kwamba madarasa ni makubwa na vipindi ni vingi. Huo nao ni ukweli. Ndiyo maana kinachotakiwa ni kukitumia vizuri kile kipindi kilichomo katika ratiba, ambacho katika shule nyingi ama huliwa na somo jingine linapokaribia mtihani, ama hugeuzwa kuwa saa ya watoto kujiendea.

Wenye wajibu wanajulikana. Mwalimu mkuu anaweza kuamua wiki hii kwamba kipindi cha michezo hakitaliwa, na kwamba kila darasa lilete mipira yake ya kusuka. Afisa elimu kata anaweza kumtumia mwalimu mmoja aliyesoma michezo, wakiwamo waliopitia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, awafundishe wenzake wa shule za jirani siku moja ya Jumamosi. Wanaosimamia mashindano ya wilaya wanaweza kuanzisha bonanza la timu ndogo kwa watoto wa darasa la tatu na la nne, lisilo na kombe, ambalo kila mtoto aliyekuja lazima acheze. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na shirikisho la soka, wanaweza kuwaandikia walimu kijitabu cha kurasa chache kwa Kiswahili chepesi. Na afisa anayepokea taarifa za michezo za mwaka anaweza kuongeza swali moja kwenye fomu zake. Mbali na vikombe vingapi vilipatikana, aulize ni watoto wangapi waliugusa mpira kila wiki.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Kwa ajili ya heshima hiyo fedha zimetengwa na viwanja vinajengwa, na hilo ni jema. Lakini uwanja wa saruji na vyuma hujengwa kwa miaka miwili au mitatu, na ukichelewa, wajenzi huongezwa, taa zikawashwa, kazi ikaendelea usiku. Mguu wa mchezaji haujengwi hivyo. Unahitaji miaka kumi, na mtoto akishavuka umri wa kujifunza, hakuna mkandarasi wa kuongeza. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Beki yule wa miaka 10 bado yuko kiwanjani. Wiki ijayo ataupata mpira tena, atainua kichwa tena, na atasubiri kusikia sauti inayotoka kando ya mstari. Safari hii mwalimu anyamaze kwa sekunde mbili. Pengine mtoto atanyang'anywa mpira, na pengine goli litafungwa. Lakini pengine atamwona mwenzake, atafungua mguu, na mpira utapita chini, taratibu, ukamfikie pale anapoutaka. Siku hiyo mwalimu atakuwa amefundisha.